Mpira, usingizi na Kiitaliano: jibu kwa kijana wa Wete

Swali

Assalaamu alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, nipo Wete. Natafuta kazi ya mapokezi katika hoteli za Unguja, na nimeambiwa mtu akijua Kiitaliano juu ya Kiingereza anapata nafasi kwa urahisi zaidi. Tangu imalizike Ramadhani nimeacha mpira, nilikuwa nacheza winga, ili nipate muda wa kusoma. Mchana nipo dukani kwa ami yangu. Usiku nasoma kwa simu na kitabu mpaka saa 8, al-fajiri naamka, nakunywa chai na mkate, naingia dukani. Kila neno naliandika mara ishirini, lakini siku ya pili yake nusu yamepotea. Rafiki yangu ananiambia mazoezi yanasaidia mtu kushika lugha. Ami yangu anasema mpira na kusoma havikai pamoja. Nani mkweli? Na kipo chakula cha kuongeza akili? Usaili nataraji kuitwa baada ya miezi miwili.

Jibu

Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Rudi mpirani. Nimelitanguliza jibu ili usiisome barua yote hii huku roho iko juu. Rafiki yako kasema kweli. Ami yako naye hajakosea moja kwa moja, maana wapo vijana tunaowajua sote ambao mpira umewala mchana na baraza ikawala usiku, kitabu kikabaki kinakusanya vumbi. Lakini wewe si mmoja wao. Nikiitazama siku yako ulivyoieleza, naona hukuacha mpira ukapata muda, umeacha mpira ukapata uchovu. Unalala saa 8, unaamka saa 11. Huo ni usingizi wa saa tatu tu kwa usiku mzima, na kichwa kinacholala hivyo hakiwezi kuweka lugha mpya, kiwe na akili namna gani.

Nafundisha Kiingereza na Kiitaliano kwa vijana wanaotafuta kazi za hoteli, na malalamiko yako ndiyo ninayoyasikia kuliko yote: maneno hayakai. Mara nyingi kichwa hakina kosa lolote. Siku ndiyo iliyopangwa vibaya, na siku inapangika.

Nianze na mazoezi yenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Münster, Ujerumani, waliwachukua watu 27 wenye afya wakawafundisha maneno mapya ya kubuni katika hali tatu: baada ya kukaa kitako, baada ya kukimbia polepole kwa muda mrefu, na baada ya kukimbia mbio kali mara mbili, kila mara dakika 3. Baada ya zile mbio kali waliyashika maneno kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 20. Damu yao ilipopimwa ilikuwa imepanda protini iitwayo BDNF, ambayo husaidia chembe za ubongo kujenga njia mpya za kuwasiliana, pamoja na kemikali kama dopamini na adrenalini, zinazomfanya mtu awe macho na alishughulikie lililo mbele yake. Neno jipya likiingia wakati huo linakuta kichwa kimekwisha kuamka.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, ukatoka utafiti mwingine ulio karibu zaidi na haja yako, kwa sababu ulihusu watu wazima wanaojifunza lugha ya kweli. Wanafunzi wa chuo 40 nchini China walikuwa wakijifunza maneno ya Kiingereza. Nusu yao walikaa vitini kama kawaida. Nusu nyingine walikuwa juu ya baiskeli za mazoezi: walianza kupiga pedeli dakika 20 kabla ya somo, kwa mwendo wa wastani, wakaendelea mpaka dakika 15 somo likiwa linakwenda. Baada ya vipindi 8 katika miezi miwili, wale wa baiskeli walijua maneno mengi zaidi, na walikuwa wepesi zaidi kutambua kama sentensi ina maana au haina. Mwezi mmoja baada ya masomo kukoma, bado walikuwa mbele.

Usinielewe kwamba mtu akikimbia sana Kiitaliano kitamwingia chenyewe. Vikundi hivyo ni vidogo, na faida yenyewe ni ya kiasi. Asiyefungua kitabu hatasaidiwa na kiatu cha mpira. Lakini mtu anayesoma kila siku kama wewe, faida ndogo inayojirudia kila siku kwa miezi miwili si ya kudharauliwa, tena inakuja kwa kitu unachokipenda.

Kwa hivyo panga hivi. Mpira ni laasiri, na unamalizika karibu na magharibi. Nenda kaoge, kasali, kisha kaa na Kiitaliano chako baina ya magharibi na isha, mwili ukiwa bado umechangamka. Dakika 40 za wakati huo zitakufaa kuliko saa mbili za usiku wa manane. Siku ya mechi kali, umerudi miguu imekufa, usijitwishe maneno mapya, pitia ya jana tu. Mwili uliochoka kupita kiasi haufundishiki, na hilo wachezaji wa ligi wanalijua vizuri.

Siku ambazo hakuna mpira, tembea. Vaa spika za masikioni, weka mazungumzo ya Kiitaliano, shuka na mteremko wa bandarini na upande tena. Kule kupanda ndiko kutakakokutoa jasho. Na usisikilize kimya kimya, sema. Ukikata kulia sema *a destra*, ukikata kushoto sema *a sinistra*, ukiwa unakwenda moja kwa moja sema *sempre dritto*. Mtu wa mapokezi maneno haya atayatumia kila siku ya Mungu, kwani mgeni akifika tu anauliza njia. Kuna njia nzima ya kufundisha lugha iliyojengwa juu ya jambo hili. Mwalimu wa Marekani James Asher aliieneza tangu miaka ya 1960: mwalimu anasema "simama", "chukua", "fungua mlango", na mwanafunzi hajibu kwa mdomo, anatenda. Maneno yanaingia kwa miguu na mikono kabla ya kutoka kwa ulimi. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, nao walionesha mwaka 2015 kwamba maneno ya kigeni yaliyofundishwa pamoja na ishara za mikono yalikumbukwa vyema hata baada ya miezi kupita.

Basi chumbani kwako jifanye uko kaunta. Nyoosha mkono, mpe mgeni asiyekuwepo ufunguo, sema *la chiave*. Inama, nyanyua begi, sema *la valigia*. Onesha kiti kwa kiganja kilichofunguka, sema *prego, si accomodi*. Usione haya kama ndugu zako watacheka. Siku ya kazi mkono utanyooka na neno litakuja nao.

Sasa nifike penye jambo kubwa zaidi, nalo ni usingizi. Hapa ningependa ami yako asome pamoja na wewe.

Mwaka 2016 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walitaka kujua usingizi unafanya nini kwa maneno mapya. Wakachukua Wafaransa 40 wakawafundisha maneno 16 ya lugha wasiyoijua. Lugha waliyoichagua ni Kiswahili, Kiswahili chetu hiki. Kundi moja lilisoma asubuhi likarudia jioni ya siku hiyo hiyo. Kundi jingine lilisoma jioni, likalala, likarudia asubuhi. Muda wa kati ulikuwa sawa, tofauti ni kwamba wengine walikuwa macho na wengine walilala. Waliolala waliamka na maneno mengi zaidi, na ili wayajue yote tena walihitaji karibu nusu ya marudio waliyohitaji wenzao. Walipoulizwa tena baada ya miezi sita, waliolala walikuwa mbali mbele.

Wewe mtu wa Pemba nikikwambia hivi utanifahamu upesi: karafuu haimaliziki kwa kuchumwa. Unaweza kuchuma mchana kutwa, lakini ukizirundika bila kuzianika juu ya jamvi, zinavunda. Kusoma ni kuchuma, na kulala ndiyo kuanika. Wakati wa usingizi mzito, ubongo unayapitia tena yale ya mchana na kuyahamisha kutoka katika hipokampasi, sehemu inayopokea mambo mapya, kuyapeleka katika hifadhi ya kudumu. Wewe umekuwa ukiongeza saa za kuchuma kwa kuzila saa za kuanika.

Kwa hivyo kitabu kifungwe saa 3 na nusu usiku, simu iwekwe mbali na kitanda, ulale saa 4. Ukiamka saa 11 utakuwa umepata saa saba kamili. Kidogo kinachokosekana kitafute mchana: mkisha kusali adhuhuri na kula, duka likiwa limefungwa kidogo kama wanavyofanya wengi, jilaze. Wazee wetu na qailula yao walikuwa sahihi. Hata dakika 20 zinatosha kumwamsha mtu.

Kahawa ya barazani baada ya isha, nakuomba uihamishe. Najua utamu wake si kahawa tu, ni mazungumzo na kashata na yule muuzaji anayegonganisha vikombe. Lakini kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Mwaka 2013 ilioneshwa kwamba kiasi kikubwa cha kafeini kikinywewa hata saa sita kabla ya kulala kinapunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja, na mwenyewe huenda asihisi. Vikombe vyetu ni vidogo, lakini nani anayeishia kimoja? Kunywa kabla ya kwenda mpirani. Na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, viache kabisa.

Kisha al-fajiri. Ukisha kusali, kabla ya chai, tumia dakika 15 kujipima. Nasema kujipima, sikusema kuandika mara ishirini. Funika upande wa Kiitaliano, tazama Kiswahili, litaje neno kwa sauti, ndipo ufunue. Ulilolikosa litie alama, ulitafute tena adhuhuri. Mwaka 2008 Karpicke na Roediger wa Marekani walichapisha utafiti ambao nao, kwa bahati njema, ulitumia maneno 40 ya Kiswahili, "mashua" likiwemo. Wanafunzi walioendelea kujipima kila neno, hata lile walilokwisha kulijua, baada ya wiki moja walikumbuka karibu asilimia 80. Walioacha kujipima neno mara tu walipolipatia walikumbuka kama theluthi moja. Kulisoma na kulitazama tena neno hakukuwaongezea kitu. Kunakili mara ishirini ni kutazama kwa kalamu, mkono unafanya kazi na kichwa kinapumzika. Wewe umepita chuoni, umehifadhi, umesimama mbele ya ustadhi msahafu ukiwa umefungwa. Hukuhifadhi kwa kunakili. Ulisoma kwa moyo, ukakosea, ukasahihishwa, ukarudi kesho alfajiri. Fanya vivyo hivyo.

Umeuliza chakula cha akili. Hakuna chakula kinachoongeza akili, na anayekuuzia unga au dawa ya jina hilo anataka pesa zako. Kuna kitu kimoja lakini ningependa ukichunguze: damu yako. Kijana anayelala kidogo, anayekula chai na mkate, na anayechoka bila sababu, huenda amepungukiwa na damu, na upungufu wa madini ya chuma unapunguza umakini na nguvu za kujifunza. Jambo hili limechunguzwa hapo hapo Pemba. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watoto wadogo wa Pemba ambao walipewa chuma kidogo kila siku kwa mwaka mmoja, na maendeleo yao ya lugha yakawa bora kuliko ya wasiopewa. Wale ni watoto chini ya miaka mitano na wewe ni mtu mzima, siwezi kukuahidi matokeo yale yale. Lakini usikimbilie vidonge vya chuma dukani. Pemba hiyo hiyo, mwaka 2006, utafiti mwingine ulionesha kwamba kuwapa watoto wote chuma bila kuwapima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza maradhi makali na vifo, na ukasitishwa kabla ya wakati. Nenda kituo cha afya, pimwa damu, pimwa na minyoo na kichocho, ndipo uamuliwe. Na kichocho nakitaja kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi wakimaliza mpira hujitosa katika mito na madimbwi kuoga. Oga nyumbani.

Asubuhi usile mkate mkavu na chai tu. Muhogo na dagaa, au kunde, au mbaazi na chapati, vyote vipo na bei yake unaiweza. Chai ya rangi iliyonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini, basi isubirishe saa moja. Ndimu ikikamuliwa juu ya kunde au mchicha hufanya kinyume chake, husaidia chuma kuingia. Dukani weka chupa ya maji karibu, joto lile linakausha na mtu aliyekauka hasikilizi vizuri.

Hapa niwaambie na dada zangu wanaosoma jibu hili wakidhani limeandikwa kwa wanaume wenye viwanja. Hamhitaji uwanja. Kinachotakiwa ni moyo uende mbio na pumzi zipande. Kuruka kamba uani kwa dakika 10 kunatosha kuuamsha mwili kabla ya somo. Aliyekwisha kutwanga kinu kizima anajua jasho la kazi ile. Vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba, vinavyokusanyika kila tarehe 1 Januari kwa siku ya mazoezi, vina wanawake tele, na wengi wao hutembea pamoja baada ya sala ya al-fajiri. Wawili watatu mkitembea pamoja na mkazungumza lugha mnayojifunza, mmepata mazoezi na somo kwa wakati mmoja, na aibu ya kukosea inapungua mkiwa njiani.

Nirudi kwa ami yako. Usibishane naye, na utafiti wa Ujerumani usimsomee kama hukumu. Kaa naye baada ya isha, mwambie: ami, nakuomba ruhusa ya laasiri mara nne kwa wiki, na badala yake usiku nitalala mapema, asubuhi nitakuwa dukani bila kusinzia. Hilo ataliona kwa macho yake ndani ya wiki moja. Na wewe dukani usikae bure. Kila bei unayomtajia mteja itaje moyoni kwa Kiitaliano. Tambi *quanto costa*, yaani bei gani? Sukari je? Kwa siku utakuwa umezitumia namba mara mia bila kufungua kitabu. Hata yeye mwenyewe, ukiweza, mchukue mkatembee. Mwaka 2011 Wamarekani walichapisha utafiti wa wazee 120: waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, hipokampasi zao zilikua kwa kama asilimia 2, katika umri ambao kwa kawaida sehemu hiyo inasinyaa. Huenda akaja kukushukuru.

Ama usaili, ukiitwa, vuka siku moja kabla. Usivuke siku ile ile ukashuka bandarini Malindi umechoka, macho mekundu, ukaingia moja kwa moja mbele ya meneja. Lala Unguja kwa jamaa, lala mapema, na jioni ile usiguse maneno mapya hata moja. Asubuhi tembea haraka nusu saa, Maisara au Forodhani, ukijisemea kwa sauti jina lako, unakotoka, kazi unayoiomba. Rudi, oga, kunywa maji, kula chakula cha kawaida ulichokizoea. Wakikuuliza kitu usichokisikia vizuri, usitikise kichwa ukasema *sì*. Tazama mtu usoni, vuta pumzi, useme *può ripetere, per favore?*, yaani unaweza kurudia, tafadhali? Sentensi hiyo anza kuisema leo, ukiwa unapanda mteremko wa bandarini na pumzi zimekubana, maana siku ya usaili pumzi zitabana vile vile.